Neno la Daktari na Shingo ya Mama

Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Najua Kulwa ndiye anayekusomea, mmekaa barazani hapo Kwihara. Kulwa, pacha wangu, soma yote, usiruke kitu. Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo umenivunjika tangu niliposikia kwamba ulitoka hospitali ya Tabora ukarudi nyumbani kabla ya kupasuliwa ule uvimbe wa shingo.

Kulwa ameniandikia ilivyokuwa. Daktari alimtajia muuguzi neno la Kiingereza, ukasikia linaishia na "ektomi", ukajifunga khanga yako ukaondoka.

Najuta, Mama. Likizo ile tulipokuwa tukimenya karanga, uliniuliza huku kwenye mafunzo ya utabibu tunasoma nini. Nikakwambia maneno ya madaktari yana mikia ya Kiyunani. Likiishia na "aitis", kiungo kimewaka na kuuma. Likiishia na "oma", kuna uvimbe. Likiishia na "ektomi", kitu kinakatwa kinatolewa. Uliyashika yote kabla karanga hazijaisha. Ukasema, "Babu yako mpagazi hakuinua mzigo wa msafara bila kujua umefungwa nini. Neno la daktari nalo ni mzigo, Doto." Nikacheka, nikaja kukusifu kwa wenzangu hapa. Laiti ningalikaa nikamaliza somo.

Mkia ule haumaanishi kifo. Juzi alipasuliwa mama mmoja wa Kilosa, shingo yake ilikuwa imevimba kama yako. Alipewa dawa ya usingizi, na alipozinduka aliuliza nani anawalisha kuku wake. Sasa yuko wodini anausema vibaya uji wetu. Sikudanganyi, si wote huamka. Lakini uvimbe ukiachwa utakubana pumzi, na Kulwa anasema ugali tayari haupiti.

Niliomba ruhusa nije nikupeleke mwenyewe. Mkubwa wetu wa mafunzo amekataa mpaka mtihani uishe, na hasira niliyo nayo haisemeki. Basi nenda na Baba. Mwulize daktari mzigo huo umefungwa nini, akueleze mpaka uridhike. Akishangaa, mwambie una mwana tabibu.

Nisalimie Baba, shangazi mkulima wa Ntalikwa, na mjomba fundi cherehani wa Chemchem. Nikija Krismasi, nataka nikukute na kovu shingoni. Kovu nitalizoea, Mama. Kukukosa sitaweza.

Ni mimi mwanao,
Doto