Nilitumwa Kumrudisha Kaka

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zako na za mama. Natumai goti lake limepunguza kuuma, na saluni yako bado ina wateja wanaolipa siku ile ile waliyosukwa. Mimi mzima, ila mikono inanuka sabuni hata nikiwa sina zamu. Kaka anakusalimu, amenenepa.

Barua yako imenifikia. Unasema mama amechoka kungoja, ameamua ufunge saluni uje uturudishe sote wawili. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Ya pili sikucheka. Kabla hujafunga kitu, nisikilize.

Juzi mtafiti mmoja, binti mpole wa chuoni, alikuja hapa tunapofulia mashuka ya hospitali, akatuuliza kwa nini tulihama kwetu. Sababu alikuja nazo mwenyewe, sisi kazi yetu kuchagua. Alisema watu hufuata mshahara mkubwa. Mpiga pasi tunayemwita Profesa, kwa ajili ya miwani tu, akamjibu kwamba kwao aliacha mashine yake ya kusaga nafaka, na hapa anakunja foronya za watu asiowajua, hivyo huo mshahara ukionekana naye aambiwe. Binti akasema pengine familia hutawanya watu wake, ili kwingine kukiharibika kwingine kushike. Profesa akasema kwao kumeshika kweli, kinachoharibika ni yeye. Binti akasema wengine huhama wakiona jirani kaezeka bati jipya. Hapo watu wakawa wanatazama mashuka. Mwisho akasema watu hufuata watu. Mmoja akitangulia, wenzake hawaogopi tena njia.

Zamu yangu ilipofika nikamwambia mimi nilitumwa kumrudisha kaka. Alitafuta pa kuliandika hilo, hakupaona. Kisha akaniuliza, kwa upole wake ule ule, sasa mbona bado nipo. Mdogo wangu, nikamwonyesha jinsi mashine inavyokamua maji.

Unajua nilivyokuja. Kaka hakubisha hata kidogo, na ndilo lililonichanganya. Alisema twende, ila hapa mtu haachi kazi mpaka aweke ndugu yake mahali pake, mgeni hawamtaki. Akaniomba nimshikie nafasi ashughulikie safari. Nikashika. Kumbe msimamizi, kuona mashine ina mtu, akampa kaka kazi ya getini, na ya getini nayo haiachwi hivi hivi. Jioni tunakaa kitandani tunapanga safari vizuri sana, mpaka shati la kushukia kwetu. Kisha mmoja anaanza kukoroma.

Baada ya yule binti kuondoka nikaulizauliza wenzangu. Profesa alikuja kumshikia shemeji yake. Shemeji alikuja kumshikia binamu yake. Wote wamo humu, binamu yuko kwenye mashine ya kukaushia. Ukituuliza hivyo, hapa hamna hata mmoja aliyehama, tunashikiana nafasi tu. Sijui chuoni hilo wanaliitaje. Bati la jirani nalo silikatai. Nalifikiria zaidi ya inavyonipasa. Kwa hiyo ukinibana niseme lipi hasa, sina.

Basi usije. Ukija, mama atabaki na nani? Goti litakandwa na nani, na usiku akiita ataitika nani? Hayo nayasema nikiwa na akili zangu timamu.

Lakini lipo jingine, na naona aibu kuliandika. Siku ile niliyopata barua yako nilikwenda kwa msimamizi, nikamwuliza kama mdogo wangu anaweza kuja kunishikia nafasi, ili mimi nirudi kwa mama. Nilikuwa namaanisha. Nadhani nilikuwa namaanisha. Hakuniuliza nitaondoka lini. Aliuliza wewe unavaa ovaroli saizi gani, nami nikamtajia.

Mpe mama pole ya goti, mwambie tumo kwenye mipango. Majirani wanaotuulizia wasalimie. Wasiotuulizia waache na shughuli zao.

Ni mimi,
kaka yako wa katikati