Msumari na Mwanga wa Kijani

Kiruna, 2 Oktoba

Mdogo wangu Tuva,

Hujambo? Mimi na baridi yangu tupo. Mama kanitumia tasnifu yako, kichwa kimemvimba kwa fahari. Unadai vijiti vyako vya oksidi ya zinki vinatoa mwanga wa kijani kwa sababu atomu za oksijeni zimekosekana ndani yake. Acha kujidanganya. Katika tanuri hilohilo nilioka shaba miaka yote niliyokaa maabara hapo, na bomba lake la kioo limeinywa. Kijani chako ni uchafu wa shaba tu. Usiipigilie msumari ukutani aibu hiyo.

Kaka yako,
Joar

Lund, 6 Oktoba

Kaka Joar,

Mimi mzima, ingawa najua hukuuliza kwa wema. Ulitimka maabara bila kumaliza tasnifu yako, sasa mimi nimefika na roho inakuuma. Bomba nililiosha kwa asidi. Ijumaa napigilia tasnifu yangu kwa msumari kwenye ubao wa idara, wiki tatu kabla ya kuitetea mbele ya mtahini, kama desturi ya chuo inavyomtaka kila mtu, kwa nyundo ya Baba. Aliniachia mimi, na hilo nalo linakuuma. Usije.

Mdogo wako,
Tuva

Kiruna, 13 Oktoba

Tuva,

U mzima? Nimeiona picha: wewe, nyundo, keki. Umependeza, na umekosea. Asidi inaosha juu tu, shaba imezama ndani. Nakutumia bomba jipya. Oka vijiti humo, uvimulike kwa leza. Kijani kikitoka, nitakuja kukupigia makofi nimesimama. Ukiogopa, mtahini atakuuliza swali hilihili mbele ya Mama.

Kaka yako,
Joar

Lund, 30 Oktoba

Kaka,

Leo salamu sina. Bomba lako nililificha kabatini kwa hasira hadi jana. Nimeoka. Vijiti vimetoa zambarau hafifu, kijani hakuna hata chembe. Nikasafisha lenzi, nikabadilisha leza, nikakutukana kwa sauti. Bado zambarau.

Asubuhi nimefuta utetezi wa kesho. Msumari nimeung'oa mwenyewe kwa nyundo ya Baba, wenzangu wakipita na kahawa zao na kutazama sakafu. Mama analia, anasema wewe ndiye uliyeniharibia. Sikumsahihisha.

Naanza upya, kwa bomba lako. Krismasi kaa mbali na kiti changu, nakuchukia bado.

Msumari umo ndani ya bahasha. Umepinda. Unyooshe, uulete kwa mkono wako siku nitakapomaliza, usimame pale uone nikiupigilia.

Mdogo wako,
Tuva