Kurasa Mbili za Kiomboi

Jumatatu, 10 Machi 2025
Sixbert wa ofisi ya utamaduni kaja asubuhi. Shikamoo mwalimu, shikamoo tena. Anataka kurasa mbili kuhusu Kiomboi, za kijitabu cha wilaya. Wewe mstaafu ndiye unayeujua mji, anasema. Nimekubali haraka. Uzee na kupenda sifa!

Jumanne, 11 Machi
Nimeandika: makao makuu ya wilaya, hospitali, shule, mabasi ya Singida, alizeti. Nikasoma tena. Mji wowote ule! Haumo mto wetu, ambao kiangazi ni mchanga mtupu. Mimi na mdogo wangu Jenifa tulikuwa tukifukua kwa vipande vya kibuyu, maji yanachuja polepole, tunangoja huku tunaimba. Hayumo fundi Gaspari, aliyeshona sare za shule nzima kwa cherehani moja pale barazani. Sasa hapo ni duka la simu. Spika inapiga kutwa, kichwa kinagonga.

Alhamisi, 13 Machi
Sixbert kasoma, kapenda. Ila picha ya soko la zamani hatuna, mwalimu?
Naijua moja tu. Mama kasimama na debe la karanga, sisi wawili tumeshika kanga yake. Anayo Jenifa, ng'ambo ya mto.
Miaka kumi na miwili hatujasemezana. Mama aliugua, nikamchukua Dodoma nilikokuwa nikifundisha, akafia kwangu. Nikamzika huko huko. Niliamua peke yangu — nikasingizia mvua na barabara. Jenifa alifika siku ya tatu. Aliniuliza jambo moja tu: yeye akamlilie mama wapi?
 

Ijumaa, 14 Machi
Nimemtuma Chediel wa bodaboda akamwambie nitakwenda kesho. Karudi: amesikia. Basi! Hakusema karibu, hakusema usije.

Jumamosi, 15 Machi
Imenyesha huko juu tangu alfajiri. Mto umejaa! Maji mekundu ya udongo, yanabeba matawi, yanabeba sufuria ya mtu. Naandika nimekaa juu ya jiwe, na wengine wanaongoja kuvuka.
Jenifa yuko ng'ambo. Nimemjua kwa mwendo kabla ya sura — mwendo wa mama kabisa. Kaja kunipokea au kunirudisha? Nikasimama. Maneno yote niliyoyapanga yakapotea. Akaanza yeye, kwa sauti ya kushindana na maji:
"Dada! Mbona umekonda hivyo?"
Dada! Nimelia mbele za watu, mwalimu mzima. Nikapaza sauti: "Nisamehe! Ya mama, nisamehe!" Akaweka mkono sikioni. Hasikii. Nikarudia mara tatu. Baba mmoja hapa kaniambia nitulie, maji yatapungua mchana, nitamwambia kwa karibu.
Nimekaa tena. Lakini yeye hakai. Anavua viatu. Anakunja kanga mpaka magotini. Nampungia mikono asivuke — anadhani namwita —