Kadi ya Boksi Jeusi

Jumatatu, 4 Machi 2002

Siku ya nne napima kadi mbili zile zile. Ya boksi jeusi na ya boksi la njano. Zote za kuchora picha za gemu kwenye kompyuta, zote bei mbaya. Gemu moja la magari, raundi ile ile, mara kumi kila kadi. Nyeusi inateleza tu. Ya njano inakwama kila kona.

Napimia stoo, nyuma ya duka la kompyuta ninakofanya kazi. Ndiko kwenye kiyoyozi. Nimevaa sweta, Kariakoo, mwezi wa tatu! Wapagazi wakinichungulia wanacheka. Ni la mtumba, alininunulia kaka Saidi niliposema naganda huko ndani.

Kiwanda cha nguo kimeuzwa, kaka kapunguzwa. Kiinua mgongo chote anafungulia chumba cha gemu Msimbazi. Alikuwa anasubiri neno langu tu. Jioni nimempa: nyeusi. Kafurahi mpaka nimeona aibu.

Jumatano, 6 Machi

Umeme umekatika mchana. Jenereta ya duka haibebi kiyoyozi. Nikavua sweta, nikaendelea kupima hivyo hivyo. Dakika ishirini tu, kadi nyeusi ikaanza kutapika rangi. Magari vipande vipande, kisha kioo kikaganda. Nikaigusa. Kidole kikaungua, lengelenge papo hapo. Ya njano, na upole wake ule ule, ikamaliza raundi zote. Umeme uliporudi, baridi ikarudi, na nyeusi ikawa malaika tena.

Nikamwambia bosi, mzee Jayanti. Ana rafu nzima ya maboksi meusi. Hakuinua hata macho. "Andika ya kwenye baridi, mama. Nani atakuuliza ya joto?"

Nimeandika. Nimesaini. Naogopa kupoteza kazi, ni kweli, lakini si hilo tu. Kaka ameshautangazia mtaa mzima kwamba dada yake fundi ndiye kachagua. Kurudi kusema nimekosea siwezi. Halafu alisema kwenye chumba cha gemu ataweka kiyoyozi baadaye. Labda atawahi.

Jioni kaja kuchukua kadi zake nne na karatasi yangu ya vipimo. Kaona kidole kimefungwa. Akauliza. Nikasema kikaango.

Jumamosi, 9 Machi

Kafungua. Paa la bati, dirisha moja. Hakuna kiyoyozi. Karatasi yangu kaibandika ukutani, sahihi yangu kila mtu aione.

Asubuhi watu walijaa mpaka barazani. Saa saba mashine ya kwanza ikatapika rangi. Saa nane zote nne. Nikafungua makasha ya mashine, nikaelekeza feni ya mezani. Feni inapuliza joto lile lile. Wakaanza kuzomea. Kaka akawaonyesha ukutani: "Jamani tulieni, hizi kadi dada'angu kazipima mwenyewe!"

Nilitamani ardhi inimeze. Bado sikusema.

Jumanne, 12 Machi

Kadi tatu zimekufa kabisa. Nimezirudisha dukani na karatasi yangu. Bosi kakataa kuzipokea. Akagonga sahihi yangu kwa kalamu. "Nani kasaini hapa? Mimi?"

Namchukia. Najichukia zaidi.

Alhamisi, 14 Machi

Wateja wamehamia kwa jirani, kwenye mashine zake kuukuu. Nimemkuta kaka peke yake chumbani. Kaiwasha mashine iliyobaki, kasha wazi, anaipepea kadi kwa gazeti.

Nikamwambia. Kwamba nilijua tangu Jumatano ile, kabla hajazichukua.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alinishika mkono, akakitazama kidole.

"Kumbe haikuwa kikaango."

Basi. Akarudi kupepea.

Jumatatu, 25 Machi

Chumba cha Msimbazi sasa kinauza ndoo na mabeseni. Kaka karudi kwetu Lindi. Alipita kwa mama, hapa mjini, kumuaga. Kwangu hakupita.

Bosi kaleta kadi mpya, maboksi ya bluu. Niliomba azime kiyoyozi nipime na kwenye joto. Kakataa, mali zake zitaharibika. Nikavaa sweta, nikapima, nikaandika. Chini kabisa nikaongeza mstari: imepimwa kwenye baridi. Bosi aliuona, akacheka, akauacha.

Mteja wa kwanza aliangalia namba iliyoandikwa juu tu, akakunja karatasi, akalipa.

Mvua imenyesha kidogo mchana. Kidole kimepona.