Prosesa ya Pili na Sauti ya Baba yake Akello

Ntinda, Kampala

Mama yangu mpenzi,

Natumai barua hii inakukuta umeketi vizuri, goti limetulia na kifua hakikukoseshi usingizi. Mimi ni mzima, ila mvua za huku zimenifanya nikukumbuke mno. Zikipiga mabati najiona niko jikoni kwako Webuye, nangoja mahindi yaive. Jumamosi hununua kunde soko la Kalerwe. Ni nzuri, lakini hakuna wa kuzitia chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe, basi nazila nikiwaza zako.

Uliniuliza kwa simu habari za kazi. Sikukueleza vizuri, kwa hiyo naandika.

Unajua ofisini kwetu tunasafisha picha na sauti za kanda za zamani. Alikuja mama mmoja wa Lira, polisi mstaafu, tunamwita Mama Akello. Mumewe alikuwa mwanajeshi, naye alifariki binti yao Akello akiwa bado tumboni. Mama huyo alileta kanda ya harusi yao, picha imejaa mistari na sauti imemezwa na kelele. Sasa Akello naye alikuwa anaolewa.

"Huyu mtoto hapana jua sauti ya baba yake," aliniambia. "Mimi nataka asikie siku ya harusi. Wewe saidia mimi."

Tukaanza. Lakini kompyuta yetu, ingawa ni ile kubwa ya kazi nzito, ilikuwa ikifika katikati memori inajaa, inakwama. Tulijaribu tena na tena. Bosi akasema tumrudishie mama wa watu kanda yake kabla hatujampotezea muda. Mimi nikaomba niifungue mashine kwanza. Ndani nikaona bodi ina nafasi ya prosesa mbili, yaani ule ubongo wa kompyuta, na ya pili ilikuwa tupu tangu inunuliwe. Matundu ya memori ya upande huo nayo yalikuwa wazi, maana yanaitumikia hiyo ya pili tu. Nikamwomba bosi tuujaze upande huo ili memori iongezeke; alifikiri, akakubali.

Nilikwenda Kisenyi kwa Abdi, Msomali anayebomoa mashine za maofisi yaliyofungwa na kuuza vipuri vyake. Nilimweleza kwamba prosesa lazima iwe ya aina ileile, maana zisizofanana hazikubali kufanya kazi pamoja, na memori nayo ilingane na ya kwanza. Alipekua masanduku yake hadi adhuhuri, akavipata vyote. Akanipa chai ya maziwa yenye iliki, akaniuliza nyumbani ni wapi. Nilipomtajia Webuye, akasema aliwahi kulala pale safarini na alisikia baridi. Mama, nilifurahi kana kwamba amenitajia ndugu.

Kuiweka prosesa kulinitoa jasho. Tundu lake lina sindano nyembamba kama nywele, ukipinda moja bodi imekufa. Nilipowasha, feni zilivuma lakini kioo kikabaki cheusi. Mama Akello alikuwa ameketi pale mapokezi, mkoba mapajani, ananitazama. Sikuweza kumtazama. Nikazima, nikafungua upya, nikagundua nimechomeka memori katika matundu yasiyofaa. Zinatakiwa zikae kama zilivyokaa zile za upande wa kwanza. Nikazipanga, nikawasha, kioo kikawaka na mashine ikazitambua prosesa zote mbili. Kazi iliyokuwa ikikwama ikaenda hadi mwisho.

Nilialikwa harusini. Walipoionyesha kanda, tulimwona kijana mwembamba mwenye suti kubwa, anamvuta mkewe mkono. "Achana na kamera," akasema, "njoo tucheze."

Akello aliomba irudiwe. Kisha akamgeukia mama yake. "Kumbe sauti yake ni nyembamba. Mimi nilidhani nzito."

Mama yake alicheka huku machozi yanamtoka. "Ndiyo maana kambini walimcheka," akasema.

Nilitoka nje kidogo. Nilijaribu kumkumbuka marehemu Baba akiita ng'ombe jioni, kule kwenye kijito. Maneno ninayo yote, na majina ya ng'ombe ninayo. Sauti ndiyo inanikimbia, Mama. Naishika mwanzo wake, kisha inageuka kuwa yangu.

Nisalimie dada yangu Nekesa na watoto wake, na shangazi anayekuletea maziwa. Mwambie mchungaji wetu kwamba huku Ntinda nasali kila Jumapili, ingawa nyimbo zao nyingi bado zinanishinda.

Na ninalo ombi. Mwambie Nekesa akurekodi kwa simu yake anitumie. Usiimbe, wala usiniombee dua. Ongea tu, hata kama unagombeza kuku.

Ni mimi mwanao,
Wafula