Marahaba Niliyomjibu Mzee wa Masanze

Mama yangu,

Shikamoo. Usishtuke kuona mwandiko umepinda, mimi ni mzima. Tembo huyu wa kwenye picha ya kadi hii hata hatukumwona. Tulikuwa tunatoka Mikumi na yule mtaalamu wa pamba ninayemwendesha, gari linavuta tela lao la kulala. Mkewe alikuwa ameupanga mzigo wote nyuma kabisa ya tela. Kwenye mteremko wa Masanze tela likaanza kuyumba, nikakanyaga breki, na baada ya hapo sijui mbingu ilikuwa upande gani.

Watu wakaja mbio na majembe yao kutoka shamba la ujamaa. Mzee mmoja, rika la babu, akaniinamia: "Pole, mwanangu." Nikamjibu, "Marahaba." Kisha nikamwamkia shikamoo mtoto mdogo aliyeshika kibuyu, akakimbia analia. Mzee akawaambia wenzake, "Tela liacheni kwanza. Kilichopinduka ni kichwa cha huyu."

Tela waliliinua baadaye kwa kamba na nyimbo. Mtaalamu na mkewe hawakuumia. Mimi niko wodini Kilosa. Uji wa hapa una ladha ya sabuni, au ni ulimi wangu, sielewi. Yule mzee huniletea papai, namwamkia vizuri, anacheka. Daktari anasema nitakuwa sawa.

Wasalimie wote hapo Mamboya. Nakukumbuka sana.

Halafu, mama, samahani, nimeandika yote haya na sijakuamkia. Shikamoo.

Mwanao,
Yohana