Hakuna Ukuta, Lakini Hutoki

Hodan mjukuu wangu, assalamu alaykum. Hapa Waberi sote tu wazima, na yule mbuzi wako mweupe amezaa.

Uliniuliza kwenye simu, kutoka huko chuoni, kama naweza kuamini kwamba elektroni, inayosafiri kama wimbi, hukwama ndani ya kitu ambacho chembe zake zimekaa ovyo, bila mpangilio, ilhali hakuna ukuta wa kuizuia. Elektroni siijui, Hodan, ila kukwama hivyo nakujua.

Nilikuwa msichana, tukihama na ngamia karibu na Hadado. Baba alikuwa amezijaza nyasi kengele zao za mbao ili wezi wa mifugo wasizisikie. Nikabaki nyuma kidogo, nami sikuzisikia. Nikaita. Sauti yangu ikanirudia kutoka kila kichaka, nikaifuata huku na kule, nikakuta nyayo zangu mwenyewe. Kila kichaka kilinipisha, lakini vyote pamoja vilinirudisha. Vingeota kwa mistari, ningetoka. Nikaendelea kuita.

Wengine walinitafuta mbele. Mama alirudi pale aliponiona mara ya mwisho, akanipata. "Sauti yako imejaa hapa tu," aliniambia. "Hatua chache huko nje, kimya kabisa."

Tangu swali lile, kwenye simu unaitikia tu, husemi kitu, na mimi naogopa. Ukikwama huko, endelea kuita. Sitakutafuta mbele. Nitarudi pale stendi ya basi nilipouachia mkono wako, nisimame, nisikilize.

Ni mimi bibi yako, ayeyo.